Mchezo wa chunusi hautishi, unakwama au haufunguki: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu umekusanywa kutokana na hitilafu zinazoripotiwa mara kwa mara na watu wanaotengeneza michezo ya kutisha wakiwa wachache, mara nyingi mmoja au wawili, kwa kompyuta mpakato ya kawaida, huku wakitarajia kwamba wengi watakaoucheza mchezo wao watauchezea kwenye simu. Mfano utakaotumika ni mchezo wa matukio unaotokana na kisa ambacho karibu kila aliyekulia kando ya maji amekisikia, yaani chunusi, kiumbe anayesemwa kuwa huwavuta waogeleaji na kuwazamisha. Mchezo unafanyika Kigoma: kijana anaondoka mwalo wa Kibirizi usiku usio na mwezi kwenda kuvua dagaa, na akiwa ziwani anaona karabai za mitumbwi mingine zikizimika moja baada ya nyingine.

Maelezo ya kiufundi yanafuata Godot toleo la 4, injini ya kutengenezea michezo, kwa kuwa ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na faili lake la kupakua ni dogo kiasi cha kumfaa mtu anayenunua bando. Anayetumia injini nyingine kama Unity au Unreal atakutana na dalili nyingi kati ya hizi, ingawa majina ya vitufe yatakuwa mengine.

Kuna kanuni moja ya mpangilio ambayo inafaa ishikwe kabla ya yote. Katika mchezo wa kutisha, hitilafu ya kiufundi na udhaifu wa kisa hutoa lalamiko lilelile, kwa sababu mchezaji ambaye hakusikia mlio, au aliyeona giza tupu, au ambaye simu yake ilikwama nusu sekunde pale chunusi alipojitokeza, hataeleza lolote kati ya hayo. Atasema tu kwamba mchezo hautishi. Kwa hiyo kagua kifaa kwanza, kisha sauti na mwanga, kisha mwenendo wa kiumbe, na kisa chenyewe kiwe cha mwisho. Wengi hufanya kinyume, wakaandika upya hadithi nzima kwa ajili ya tatizo lililokuwa kwenye spika.

Dalili: mchezaji anamaliza na kusema hautishi

Chanzo kinachoongoza ni sauti isiyomfikia. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sawasawa sauti nzito, na mvumo wa hezi 40 au 60 ambao kwenye hedifoni zako unatikisa kifua, kwenye simu hupotea kabisa. Ukaguzi wake ni rahisi: cheza sehemu hiyo kwa simu ya bei ya chini, bila hedifoni, sauti ikiwa nusu, ndani ya chumba chenye feni inayozunguka. Ikiwa husikii kitu, hata mchezaji wako hakusikia. Usikimbilie kuongeza sauti, maana utapata mkwaruzo tu. Weka tabaka la pili la sauti za kati, kati ya hezi 300 na 2,000 hivi, lenye vitu vinavyosikika kwenye spika yoyote: kafi likigonga ubavu wa mtumbwi, ubao ukilia, maji yakidondoka kutoka kwenye wavu. Mvumo mzito ubaki chini yake kwa ajili ya mwenye hedifoni, na mwanzoni mwa mchezo mwombe mchezaji azivae kama anazo.

Chanzo kinachofuata ni sauti isiyo na mahali. Ukiuweka mlio wa chunusi kwenye nodi (kipande cha kujengea mchezo katika Godot) ya kawaida ya AudioStreamPlayer, utasikika sawasawa popote mchezaji aliposimama, na masikio yake hayatajua ageukie wapi. Tumia AudioStreamPlayer3D, au ile ya 2D kama mchezo wako ni wa pande mbili, kisha punguza umbali wa juu wa kusikika mpaka mchezaji alazimike kusogea ndipo asikie vizuri. Hofu nyingi ya mchezo kama huu inatokana na kutokuwa na hakika kama kilichosikika kiko kushoto, kulia au chini ya mtumbwi.

Cha tatu ni ukosefu wa kimya. Muziki unaopigwa tangu mwanzo hadi mwisho humpa mchezaji mtu wa kufuatana naye, na anayefuatana na mtu haogopi. Hapa karabai ni msaada mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Karabai ya mafuta ya taa inayopigwa pampu haimuliki kimyakimya. Ina mvumo wake mwembamba usiokoma, ambao baada ya dakika mbili sikio la mchezaji linauzoea na kuacha kuusikia. Ondoa muziki wote ziwani, acha mawimbi, kafi na mvumo huo. Mvumo ukianza kupungua kidogo kidogo kabla mwanga haujafifia, mchezaji ataanza kuhangaika bila kujua sababu. Kwa sababu hiyo hiyo ni vizuri mchezo uwekwe katika miaka ambayo karabai zilikuwa ndizo taa za wavuvi, kwa kuwa taa za betri zilizoenea sasa huwaka bila sauti, na ukizitumia utaipoteza silaha hiyo.

Cha nne ni kiumbe kuonekana mapema. Kisa cha chunusi kina nguvu kwa sababu anayesimulia hakumwona chunusi. Alimwona mtu aliyekuwa anaogelea vizuri, kisha hakumwona tena. Andika ni dakika ya ngapi mchezaji anamwona kiumbe chote kwa mara ya kwanza, na kama ni kabla ya theluthi ya mwisho, muondoe na ubakishe athari zake: mtumbwi unaoinama upande usio na mtu, kamba ya nanga inayokazika ilhali hakuna upepo. Ukitaka kuongeza uzito, tumia ukweli wa ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na kuanzia mita 200 hivi hadi sakafuni maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo samaki hawaishi huko. Mchezaji anayelijua hilo, akaona kamba yake inavutwa kwenda chini na kuendelea kuvutwa, hahitaji kuonyeshwa meno.

Cha tano ni mshtuko unaorudiwa. Mshtuko wa ghafla hufanya kazi mara moja, pengine mbili. Wa tatu mchezaji anaungoja. Pitia eneo zima na ubakishe mmoja.

Hapo tu ndipo ukikague kisa. Kosa la kawaida ni kukieleza mno, kwa barua ndefu iliyoachwa mezani au mzee anayesimulia historia yote ya kiumbe mwanzo hadi mwisho. Visa vya mitaani haviishi hivyo. Daima shahidi yuko karibu lakini hayupo: ni shemeji wa jirani, ni mtu aliyepanda naye daladala ya Ujiji. Mpe mchezaji watu watatu wasiokubaliana, kwa mfano mama anayeanika dagaa, dereva wa bodaboda na mvuvi aliyeacha kazi, kila mmoja akiwa na hakika na toleo lake, na usiseme nani yuko sahihi. Kosa la pili ni kukiondoa kisa mahali pake. Ufukwe usio na jina unaweza kuwa popote, na kilicho popote hakimhusu mtu. Mchezaji akiuona mwalo, vichanja vya dagaa, reli inayoishia karibu na maji na milima ya Kongo ng'ambo ya pili inapoanza kuingia giza, atajua chunusi huyu anakaa wapi.

Unapowajaribu watu, usiwaulize kama waliogopa. Kwa adabu tu watakujibu ndiyo, hasa wakiwa ni ndugu na marafiki. Kaa kando na utazame mikono: mtu aliyeshtuka huondoa kidole kwenye skrini, na aliyeingiwa na hofu ya kweli husimama kabla ya mlango akazungusha kamera mara kadhaa bila sababu. Andika ni wapi hilo lilitokea na wapi halikutokea.

Dalili: mchezaji hapati njia, anagonga kuta, analalamika giza

Mara nyingi chanzo ni kwamba wewe ulitengeneza usiku, skrini yako ikiwa na mwanga wote, na yeye anacheza mchana kibarazani. Toka nje saa saba mchana, weka mwanga wa simu nusu, ucheze mwenyewe. Sababu ya pili ni tofauti ya skrini: kwenye skrini za aina ya LCD weusi huonekana kama kijivu, na kile ulichokificha kinaonekana, ilhali kwenye zile za aina ya OLED kijivu kizito kinamezwa na weusi, na kile ulichotaka kionekane kinapotea. Mchezo ule ule unaweza kulalamikiwa kwa mambo mawili yanayopingana siku moja, na walalamikaji wote wawili wakawa sahihi.

Weka ukurasa wa kurekebisha mwanga kabla ya mchezo kuanza, wenye umbo la mtumbwi ambalo mchezaji aambiwe apunguze mwanga mpaka alione kwa shida. Kisha uchore njia kwa tofauti ya mwanga, bila kuumulika ulimwengu wote: mng'ao juu ya maji, ukingo wa mtumbwi, nukta za karabai kwenye upeo. Ukipandisha mwanga wa jumla ili watu waone, utakuwa umeondoa usiku wenyewe.

Dalili: kwenye kompyuta unafunguka, kwenye simu skrini inabaki nyeusi

Anza na njia ya uchoraji. Godot 4 ina njia tatu, na mbili kati yake, Forward+ na Mobile, kwenye simu za Android zinahitaji Vulkan, mfumo wa kuchorea picha ambao simu nyingi za zamani hazina au zinao kwa ubovu. Nenda kwenye mipangilio ya mradi, chagua Compatibility, inayotumia OpenGL, mfumo wa zamani zaidi, kisha utoe toleo jipya. Ujue mapema kwamba ukungu wa ujazo (volumetric fog) hufanya kazi kwenye Forward+ peke yake, kwa hiyo ukungu wa alfajiri ziwani utautengeneza kwa ukungu wa kawaida wa mazingira au kwa picha zinazopitisha mwanga zilizopangwa tabaka kwa tabaka.

Ikiwa skrini bado ni nyeusi, au inafunguka lakini picha fulani hazipo, kagua herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Windows haitofautishi Mtumbwi.png na mtumbwi.png, ila mchezo ukishafungwa kwa ajili ya Android, hayo ni mafaili mawili, na moja halipo. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza. Kisha angalia kama mafaili ya maandishi ya kawaida yaliingizwa, maana Godot huyaacha usipoyataja kwenye kichujio cha kutoa toleo. Yote hayo yakishindikana, unganisha simu kwa waya, washa hali ya wasanidi, na usome kumbukumbu za hitilafu kwa amri ya adb logcat. Mstari wa kwanza wenye neno la kosa una thamani kuliko mia inayoufuata.

Dalili: mchezo unakwama pale pale chunusi anapojitokeza

Hii ndiyo hitilafu inayoharibu kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa inatokea katika sekunde ile ile uliyoiandaa kwa saa nzima. Chanzo cha kawaida ni kwamba athari mpya ya picha, iwe povu, mwanga au ngozi yenye maji, inatayarishwa na kadi ya picha mara ya kwanza inapoonekana, na mchezo unasimama ukisubiri. Namna ya kuthibitisha ni kucheza tukio hilo mara mbili bila kufunga mchezo: likikwama mara ya kwanza na lisikwame ya pili, umekipata chanzo. Onyesha athari zote kwa fremu chache (fremu ni picha moja kati ya nyingi zinazochorwa kila sekunde) nyuma ya skrini ya kupakia, mahali mchezaji hatoziona. Godot kuanzia 4.4 imepunguza tatizo hili kwa Forward+ na Mobile, ila anayetumia Compatibility bado anapaswa kulishughulikia mwenyewe.

Kama linakwama kila mara, tazama ukubwa wa picha. Picha ya pikseli 4,096 kwa 4,096 isiyobanwa huchukua megabaiti 64 za kumbukumbu. Ya 1,024 kwa 1,024 huchukua 4. Chunusi mwenye picha tatu za ukubwa ule wa kwanza anaweza kuifanya simu yenye gigabaiti 2 iufunge mchezo ghafla bila ujumbe wowote. Kwa kiumbe anayeonekana gizani, majini, kwa sekunde tatu, 1,024 ni nyingi. Washa pia ubanaji wa picha wa ETC2 au ASTC kwa ajili ya simu.

Dalili: kiumbe anakimbia mno, anatambaa, anakwama mlangoni au anaona kupitia ukuta

Kasi inayobadilika kutoka kifaa hadi kifaa inatokana na mwendo unaohesabiwa kwa fremu. Mwendo unaouandika mwenyewe ndani ya _process, sehemu ya msimbo inayoendeshwa kila fremu, uuzidishe na delta, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Kinyume chake, ukitumia move_and_slide, amri ya Godot ya kusogeza kiumbe, injini imeshauzingatia muda huo, na ukiizidisha kasi kwa delta tena kiumbe atatambaa kana kwamba amefungwa mawe. Dalili hizo mbili huja kwa mtu mmoja, wiki mbili tofauti, mara nyingi baada ya kunakili msimbo kutoka mafunzo mawili.

Kukwama mlangoni ni suala la upana: nusu kipenyo cha wakala, yaani kiumbe anayetafuta njia, kilichotumika kuandaa ramani ya njia ni kikubwa kuliko nafasi ya mlango. Kipunguze, au upanue mlango, kisha uiandae ramani upya. Kuona kupitia ukuta ni suala la tabaka za mgongano. Hakikisha mstari wa kuona wa kiumbe unagusa tabaka la kuta pamoja na la mchezaji.

Dalili: maneno yanagongana, yanakatika au hayasomeki

Wanaotengeneza michezo kwa Kiswahili hukutana na hitilafu ambayo mafunzo ya mtandaoni hayaitaji, kwa kuwa lugha za walioyaandika hazina ngeli. Ukijenga sentensi kwa kuunganisha jina la kifaa na maneno yaliyokwisha andikwa, utapata sawa kwa kifaa kimoja na kosa kwa vingine: umeandika "yako imepotea" ukifikiria taa, kisha mchezo ukamwambia mchezaji "Wavu yako imepotea", "Kafi yako imepotea", "Kiberiti yako imepotea". Mchezaji aliyekuwa ameingia ndani ya usiku ule anatolewa nje kwa sentensi moja. Marekebisho mepesi ni kuandika sentensi nzima kwa kila kifaa na kila tukio. Vifaa vikizidi ishirini, weka katika jedwali la vifaa safu mbili za nyongeza, moja ya kiambishi cha kitenzi na nyingine ya kimilikishi: wavu, u, wako, kafi, li, lako, kiberiti, ki, chako. Wingi upewe mistari yake.

Mazungumzo yanayokatika katikati ya neno husababishwa mara nyingi na kibainishi cha ng'. Sentensi iliyofungwa kwa alama moja moja za nukuu itakatika mara tu mhusika anaposema ng'ambo, na msimbo hautaendeshwa. Fungua na ufunge sentensi zako kwa alama mbilimbili, au uyatoe maneno yote kwenye msimbo na kuyaweka katika faili la CSV, ukikumbuka kwamba humo sentensi yenye koma nayo lazima ifungwe kwa alama hizo. Ukiona kisanduku kitupu badala ya kibainishi, umenakili alama iliyopinda kutoka kwenye hati ya ofisini, na fonti yako haina umbo lake. Ibadilishe yote kwa ile iliyonyooka. Vitufe visipewe upana usiobadilika, maana kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kubeba sentensi nzima na kumwagika nje ya kisanduku.

Baada ya hayo yasome mazungumzo kwa sauti mbele ya mtu. Kijana anayemwendea mzee wa mwaloni na kuanza kwa "Umeona taa zilizozimika?" atamkwaza kila mchezaji wa Kigoma, ambaye anangojea shikamoo na marahaba kabla ya neno lingine. Salamu hiyo unaweza kuitumia: mzee ambaye baada ya shikamoo anakaa kimya anatisha kuliko mzee anayepiga kelele. Ukihitaji mstari wa Kiha, uandikwe na Muha.

Dalili: sauti ulizorekodi ufukweni zina mvumo au zinapanda na kushuka

Mvumo mzito ni upepo kwenye kipaza sauti. Kikinge kwa sifongo, au kaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, na urekodi alfajiri. Kupanda na kushuka ni kazi ya programu ya simu inayoongeza sauti yenyewe pakiwa kimya, kwa hiyo tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo. Rekodi sekunde thelathini za ufukwe mtupu, ili Audacity, programu ya kuhariri sauti, ipate sampuli ya kelele ya kuondoa. Ukirekodi sauti za wavuvi wakizungumza, omba ruhusa yao kwanza na uieleze kazi inayokwenda kufanyika. Tangu mwaka 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na hata isingekuwepo, sauti ya mtu ni yake.

Dalili: mchezo hauhifadhi alipofikia mchezaji, au kazi yako yenyewe imepotea

Kama uhifadhi unafanya kazi ndani ya kihariri na kukataa kwenye simu, unaandika kwenye res://, folda ambayo baada ya kutoa toleo haiandikiki tena. Andika kwenye user:// na tatizo litaisha.

Kazi iliyopotea ni jambo zito zaidi. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo linaweza kubaki nusu, na mradi ukagoma kufunguka. Funga kihariri, nakili folda nzima mahali pengine kabla ya kugusa chochote, kisha ufute folda iliyofichwa ya .godot na kufungua mradi upya. Folda hiyo hujengwa tena yenyewe. Likibaki faili moja lililoharibika, lirudishe kutoka Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako. Asiyetumia Git aanze leo, na kila jioni nakala iende pia kwenye diski ya nje isiyolala na kompyuta.

Simama na umtafute fundi ukisikia diski ikigonga kwa mpigo, ukiona kompyuta inajizima yenyewe hata ikiwa kwenye chaji, au ukiona sehemu ya chini imevimba na pedi ya kugusia (touchpad) imeinuka. Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala kukandamizwa. Inaweza kuwaka moto. Na diski inayogonga kila unapoiwasha unaipunguzia nafasi ya kuokolewa.

Dalili: mchezaji anapata kizunguzungu, kichefuchefu au anapoteza fahamu

Kizunguzungu mara nyingi ni kamera inayoyumba na mtumbwi. Weka kitufe cha kuzima mtikisiko, na uache upeo wa ziwa usimame tulivu. Mwanga unaomweka usizidi mara tatu kwa sekunde. Karabai inayozimika inaweza kufifia taratibu na ikatisha vilevile. Mchezaji akianza kutetemeka mwili, akikakamaa au akipoteza fahamu, jaribio limekwisha: mwondolee vitu vigumu vya karibu, mlaze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, na apelekwe hospitali. Watu wenye historia ya kifafa waulizwe kabla, na wasijaribu mchezo ambao haujakaguliwa.

Dalili: wachezaji wanamtaja mtu au nyumba ya kweli

Ukiwa unaangalia jaribio na mchezaji akacheka akisema, "Huyu ni bibi fulani wa kule kwetu," usilichukulie kama sifa ya uhalisia. Katika mikoa yetu ya magharibi na ile ya kanda ya ziwa wamewahi kuuawa wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi kilichoitwa ushahidi kilikuwa macho mekundu, ambayo yalitokana na moshi wa kuni waliopikia miaka yote. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za utajiri. Mchezo unaomchora bibi mwenye macho mekundu kama anayemtuma chunusi, au unaomfanya mtu mwenye ualbino kuwa kiumbe, kielelezo cha ajabu au chombo cha bahati, unalisha jambo ambalo bado linaua.

Chanzo cha kwanza ni picha za marejeo: mchoraji alipiga picha mtaani akazinakili uso na nyumba vilivyo. Linganisha kila mhusika na picha zilizotumika, na ubadilishe uso, mavazi na mahali. Chanzo cha pili ni kisa kilichochukuliwa kwa mtu mmoja pamoja na majina yake, na kisa kinachomtaja aliyezama kweli ni msiba wa familia iliyo hai. Ondoa jina, mwaka, mwalo na mazingira yanayomtambulisha. Chanzo cha tatu, kilicho kigumu kukiona, ni muundo wenyewe wa mchezo unaomtaka mchezaji amtafute mchawi kijijini. Huo hauponi kwa kubadilisha sura. Mfanye chunusi asiwe na bwana, awe wa ziwa peke yake, kama masimulizi mengi yanavyomtaja, na fumbo la mchezaji liwe namna ya kurudi nchi kavu.

Ikiwa toleo limeshatoka na uvumi umeanza kumzunguka mtu halisi, usijaribu kurekebisha kwa maelezo mtandaoni. Ondoa mchezo siku hiyo hiyo, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii, na pakiwa na kitisho chochote nenda polisi. Hapa kazi ya mtengenezaji wa michezo imekwisha.

Dalili: duka la mtandaoni linakataa mchezo

Google Play hutoza dola 25 mara moja kwa akaunti, na akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kwanza kufanya jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Watu hao wanaweza kujiondoa kabla ya siku kutimia, kwa hiyo tafuta ishirini. Sababu nyingine ya kukataliwa ni hojaji ya umri iliyojibiwa kwa haraka: taja hofu, damu na kuzama kama vilivyo. Steam hutoza dola 100 kwa kila mchezo, na itch.io haitozi ada ya kuweka mchezo, jambo linaloifanya ifae kwa toleo la majaribio.

Mtafute mwanasheria kabla ya kuuza, si baada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na mchezo wa biashara uliobeba ngano, wimbo au ngoma ya jamii fulani unahitaji kuangaliwa kwa sehemu hiyo. Sauti, picha na msimbo uliopata kwa wengine viandikiwe makubaliano yenye saini, hata kama aliyekupa ni mdogo wako, na kazi yako mwenyewe uisajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania ukiwa bado na mafaili ya asili ya hatua zote, kuanzia mchoro wa kwanza wa mtumbwi.